Mshangaaji Aliyepiga Mwayo

Hapo zamani, tena zamani ambayo hata waliokuwa wakiishi ndani yake walikwisha kuichoka, palikuwa na mji ukiitwa Chakamba. Mji huo ulikuwa na Sultani, na mawaziri, na kisima kimoja kikubwa, na desturi moja ambayo haikupata kuonekana pengine.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Waziri akifumaniwa katika jambo la aibu, akila mali ya mji au akiihamishia nyumbani kwake, hakufungwa wala hakupigwa. Mpiga mbiu alipuliza pembe, watu wakakusanyika uwanjani mbele ya jumba, waziri akasimama juu ya jiwe, aibu yake ikasomwa kwa sauti, na watu wote wakaweka mikono kichwani wakasema kwa pamoja, "Lahaula." Ikawa imekwisha. Lahaula hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu, na ikishapita, waziri alihesabiwa kuwa ametakasika, akashuka jiweni, akarudi kazini kwake siku ile ile.

Wazee walioiweka desturi hiyo hawakuwa wajinga. Katika siku zao aibu moja ilitosha kizazi kizima. Mtu aliyepigiwa Lahaula ya mji mzima alijifungia ndani, akakonda, hata wanawe wakahama mtaa. Lakini katika zama za Sultani Mwinyi Hatibu mawaziri waligundua kwamba Lahaula haiumi. Tangu hapo wakawa wanakuja kwenye jiwe wamejifukiza udi, na mmoja wao, mtu mnene, alikuja na mto wa kukalia. Basi ikawa pembe inalia alfajiri, inalia watu wakinywa uji, inalia kinyozi akiwa amemaliza upande mmoja tu wa kichwa cha mteja. Leo mchele wa ghala, kesho mafuta ya taa za njiani, keshokutwa mchele tena, maana waziri wa ghala alikuwa mtu wa kurudia.

Mwanzoni watu walikimbilia uwanjani wakiacha mikate inaungua. Baadaye wakaenda kwa kutembea. Kisha wakawa wanakwenda kwa kusukumwa na askari, na mtu akiulizwa njiani kama ana habari, alijibu, "Ninazo nyingi, chukua." Hawakuwa wamekuwa wabaya, wala hawakuwa wamesahau tofauti ya haki na batili. Walikuwa wamechoka tu, kama mkono unavyochoka kubisha mlango ambao mwenyewe anakusikia na hafungui.

Sasa, umati hauwezi kusema neno moja kwa wakati mmoja pasipo mtu wa kuanza. Kwa hiyo palikuwa na mtumishi aliyesimama mbele ya wote, akaweka mikono kichwani kwanza, akasema Lahaula kwanza, na wengine wakamfuata. Aliitwa Mshangaaji. Na Mshangaaji wa wakati huo alikuwa mwanamke kijana, jina lake Mize binti Kombo.

Mize hakupewa kazi hiyo kwa nasaba wala kwa uzuri wa sauti. Alipewa kwa sababu alikuwa mwoga. Tangu utotoni alishtuka mlango ukifungwa, akashtuka usipofungwa. Alikuwa amesoma miaka mingi chuoni kwa Kadhi, akazijua hesabu na nahau na nyota, na elimu yote hiyo haikumsaidia kitu ila kumwongezea mambo ya kuogopa. Tena alikuwa na ugonjwa wa usahihi. Mpiga mbiu, ambaye aliitwa Feruzi, akisoma kwamba waziri ameiba magunia ya mchele, Mize humnong'oneza kwa nyuma kama ni magunia au ni makanda, kwa kuwa hawezi kushangaa vizuri mpaka ajue anashangaa nini. Feruzi alikuwa akimwambia, "Wewe binti, shangaa kwanza, utauliza baadaye." Ujira wake ulikuwa kibaba cha mchele kutoka ghalani kwa kila Lahaula, na kwa kuwa aibu zenyewe mara nyingi zilikuwa za mchele wa ghalani, Mize alishangaa sana na kula kidogo. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba yeye ndiye mtu pekee Chakamba anayeishi kwa woga wake, na bado haumshibishi.

Ikatokea siku moja pembe ikalia asubuhi kwa ajili ya mafuta ya taa, ikalia tena kabla ya adhuhuri kwa ajili ya mchele, na jua lilipokuwa limesimama utosini ikalia mara nyingine. Safari hii ilikuwa zamu ya Waziri Dahmani, waziri wa visima. Huyu alikuwa amelifungua kapi la kisima kikubwa, lile gurudumu la shaba linalopitisha kamba ya ndoo, akalichukua pamoja na kamba yake nzuri ya katani, akamfungia mkewe bembea uani. Watu wa Chakamba wakabaki kuvuta maji kwa mikono mitupu na kamba ya makumbi, na hapakuwa na mwanamke mjini ambaye viganja vyake havikuwa na malengelenge.

Feruzi akasoma. Waziri Dahmani akasimama jiweni, ameinamisha kichwa kwa ule mwinamo wa kazini. Mize akauliza kwa kunong'ona kama kamba ni ya katani kweli, akajibiwa ni ya katani, akapanda mbele ya watu, akainua mikono, akavuta pumzi, akafungua kinywa aseme Lahaula. Kilichotoka kilikuwa mwayo.

Haukuwa mwayo wa kujificha nyuma ya kiganja. Ulikuwa mrefu, wa machozi, uliopanda na kushuka kama mtu anayeimba. Na kwa kuwa watu walikuwa wamezoea kumfuata, wakamfuata. Safu ya mbele ikapiga mwayo, ya pili ikapokea, askari wakapiga miayo wakiegemea mikuki, Kadhi akapiga wake ndani ya kilemba, na mwisho Sultani mwenyewe, aliyekuwa ameketi kizingitini, akafunguka kinywa mpaka taya likalia. Hapo ndipo alipokasirika. Mwayo wa raia angeweza kuusamehe, lakini wa kwake mwenyewe ulimwuma.

Mize akaitwa barazani. Alikwenda huku amejihukumu njia nzima, maana alikuwa hodari wa kujihukumu kuliko Kadhi. Akapiga magoti.

Sultani akasema, "Mize binti Kombo, umeupigia mwayo uso wa dola."

"Ni kweli, bwana wangu," akasema Mize. "Nilikusudia Lahaula. Nilikuwa nimekwisha kuipanga kinywani. Sijui huu mwingine ulipitia wapi."

Waziri Dahmani naye alikuwapo, bado amesimama, kwa kuwa desturi ilisema asiyepigiwa Lahaula haketi na mawaziri wenzake wala harudi kazini. Alikuwa na huzuni ya kweli. Akalalamika kwamba aibu yake ilikuwa mpya kabisa, haijaguswa na mtu, na sasa imeharibiwa, kwa maana imekwisha kusikika na haiwezi kushangaza tena. Akauliza nani atamlipa. Mawaziri wengine wakatikisa vichwa, wakimwonea huruma na kujionea wenyewe, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na aibu yake njiani.

Sultani akafikiri, kisha akatoa amri. Akasema, "Ijumaa baada ya sala pembe italia. Wewe utauletea mji jambo ambalo haujapata kulisikia likisomwa tangu niketi katika kiti hiki. Liwe la kweli, liwe la Waziri Dahmani huyu, na watu waseme Lahaula kutoka moyoni. Wasiposema, aibu ya kapi itakuwa yako wewe. Na kwa kuwa wewe si waziri, utakwenda kwenye mashimo ya chumvi kama watu wengine."

Mashimo ya chumvi yalikuwa ng'ambo ya mji, mahali peupe pasipo kivuli, na waliopelekwa huko kwa kuiba kuku walirudi vipofu kwa ule mng'ao, wakirudi. Mize akaogopa. Na kila alipoogopa, ule ugonjwa wake wa usahihi ulizidi, akashindwa kujizuia.

"Bwana wangu, niwie radhi," akasema. "Watu wote waseme? Na viziwi?"

"Viziwi wataona wenzao."

"Na wagonjwa walio vitandani?"

"Mize."

"Naam, bwana wangu. Na nikihitaji kitu cha kufanyia kazi hiyo?"

"Utapewa."

"Kitu gani?"

"Chochote," akasema Sultani, sasa ameshika kipaji cha uso.

"Chochote kilicho jumbani, au hata kilicho katika nyumba za watu?"

"Chochote kilicho katika milki yangu yote."

"Na aliye nacho akikataa?"

Sultani akainuka kitini. Akasema, "Akikataa ataingia chumvini kabla yako. Kadhi, umesikia? Basi shuhudia, na mwanamke huyu aondoke mbele yangu kabla hajaniuliza habari za vichanga."

Mize alikuwa kweli anataka kuuliza habari za vichanga. Akaondoka.

Nje ya jumba Waziri Dahmani akamfuata, naye hakuwa mtu mbaya wa kuongea naye. Akamwambia wasigombane, wote wawili wamo katika shida moja. Akajitolea kumsaidia. Kama aibu ya kapi haitoshi, akasema, apewe siku mbili tu naye ataiba kitu kikubwa zaidi, hata mawe ya ukingo wa kisima, hata kisima chenyewe akipata mafundi wa kutosha, kwa kuwa yeye si mvivu. Mize akamshukuru, akasema atalifikiria, na akalifikiria kweli njia nzima, hata akajionea haya.

Lakini kabla ya kumwachia waziri aibe kisima, aliona ni busara ajaribu. Jirani yake alikuwa Bi Mwanatenga, mjane aliyekaanga vitumbua barazani, mtu wa maneno machache na mafuta mengi. Mize akamwendea, akamwambia kama habari ya kweli kwamba Waziri Dahmani ameuza kisima.

Bi Mwanatenga akageuza kitumbua. "Kamuuzia nani?"

"Wafanyabiashara wa bara."

"Wamekuja na nini cha kukibebea?"

Mize akasema hajui. Akajaribu tena, akasema mawaziri wote wameuza msikiti, pamoja na mnara.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanatenga, "usinisimamie kwenye mwanga, sioni kama vimeiva."

Akajaribu kwa muuza mkaa, akamwambia Sultani ameozwa kwa ngamia. Muuza mkaa akauliza kama kutakuwa na pilau. Akajaribu kwa kinyozi, na kinyozi akamwambia hiyo amekwisha kuisikia, ingawa Mize alikuwa ameitunga akivuka njia. Basi akaona mambo yamekwisha. Hapakuwa na uovu mkubwa wa kutosha. Mtu angeweza kulivua jua na kulitia mfukoni, watu wa Chakamba wangewasha taa wakaendelea na mambo yao, ila hata mafuta ya taa nayo yalikuwa yamekwisha kuibwa.

Alhamisi mchana Mize akaanza kujitayarisha kwa chumvi. Mtu mwingine angelia, au angetoroka. Yeye alifagia. Alisema moyoni mwake kwamba haifai kuacha nyumba chafu, kwa kuwa watu watakaokuja kuchukua vyombo vyake watasema alikuwa mchafu, na yeye atakuwa mbali, hawezi kuwasahihisha. Katika kufagia akaona mvunguni vitu vya watu alivyokuwa ameazima. Palikuwa na chekeche la jirani wa nyuma, na kawa lisilo na mwenyewe, na mbuzi ya kukunia nazi, ile ya Bi Mwanatenga, aliyoiazima kwa siku moja, mfungo wa Ramadhani uliopita au ule mwingine. Mize, mwanamke asiyeweza kusikia neno "gunia" mahali pa "kanda" bila kuumwa, alikuwa amekaa na mbuzi ya mwenyewe mpaka miguu yake imefanya ukungu.

Akaona haya. Akaifuta vizuri, meno na kiti, akaibeba mpaka kwa Bi Mwanatenga, akaiweka karibu na karai, akasema, "Bi Mwanatenga, mbuzi yako hii. Asante."

Bi Mwanatenga akaiangalia mbuzi. Akamwangalia Mize. Akaangalia mbuzi tena. Kijiko kikamtoka mkononi kikazama mafutani, akaweka mikono yote miwili kichwani, na kwa sauti iliyowatoa watu ndani ya nyumba zao akasema, "Lahaula."

Muuza mkaa akaacha mizani. Jirani wa nyuma akaja mbio na mtoto mgongoni akiuliza nani amekufa. Bi Mwanatenga akanyosha kidole, akasema, "Kairudisha. Binti Kombo kairudisha mbuzi yangu." Na jirani wa nyuma, bila kuongozwa na mtu, akaweka mikono kichwani, akasema Lahaula, kisha kwa sauti ndogo iliyojaa tumaini akauliza, "Na chekeche langu?"

 Mize akakaa juu ya kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mbuzi, akakumbuka meno yake, akainuka haraka. Alikuwa amekwisha kujua la kufanya.

Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Waziri Dahmani. Uani mke wa waziri alikuwa katika bembea, anakwenda mbele na nyuma, na lile kapi la shaba juu yake linalia kwi, kwi. Mize akasalimu, akaomba kapi na kamba. Mke wa waziri akamwambia angoje kwanza ashibe bembea. Waziri akatoka, na aliposikia akacheka, maana alidhani Mshangaaji amechanganyikiwa kwa hofu. Akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kapi limekwisha kusomwa.

"Najua, bwana," akasema Mize. "Nalihitaji lenyewe."

"La nini?"

"La kurudisha."

 Waziri akasema, "Aibu husomwa, binti. Hairudishwi. Hata marehemu baba yangu alipokula ngano ya mji hakurudisha. Unataka kutuletea mambo gani?"

Wakaenda wote mpaka barazani. Waziri akamshitaki kwa Sultani, akasema mwanamke huyu anavunja desturi, na leo likitoka kapi, kesho mji hautajua mwisho. Sultani naye hakuelewa. Akamwuliza Mize, "Nilikuagiza kitu cha kuushangaza mji. Kapi kuukuu litamshangaza nani?"

Mize akasema, "Bwana wangu, uliagiza jambo ambalo mji haujapata kulisikia tangu uketi katika kiti hiki. Nimetafuta. Kuiba wamesikia. Kuuza wamesikia. Kuomba radhi wamesikia, tena kwa mashairi. Hili hawajasikia. Uliagiza liwe la kweli, nalo litakuwa la kweli tukiisha kulifunga kisimani. Uliagiza liwe la Waziri Dahmani, naye ndiye huyu. Na uliniambia chochote, na asiyetoa ataingia chumvini kabla yangu. Kama nimekosea neno, Kadhi anisahihishe, nitafurahi."

Sultani akamgeukia Kadhi. Kadhi akakohoa, akasema binti hajakosea neno. Akaongeza kwamba huyu alikuwa mwanafunzi wake, na hata chuoni alikuwa hivi hivi, anachosha.

Basi Ijumaa baada ya sala pembe ikalia. Watu wakaja kama walivyozoea, wakijikokota. Wanawake wamebeba kunde za kumenya, kinyozi amebeba kazi yake, na mzee mmoja alikuja na mkeka akajinyosha chini ya ukuta. Waziri Dahmani akapanda jiweni. Safari hii hakuwa na ule mwinamo wa kazini, ila alikuwa akiangalia huku na huku kama mtu aliyetoka bila kanzu.

Feruzi akafungua kinywa. "Enyi watu wa Chakamba. Waziri Dahmani," akasema, na watu wakaendelea kumenya kunde, "waziri wa visima, aliyelichukua kapi la kisima kikubwa na kamba yake," na mzee chini ya ukuta akajigeuza upande wa pili, "amelirudisha."

Kunde zikaacha kuanguka katika mabakuli. Bi Mwanatenga, aliyekuwa safu ya mbele, akasema, "Feruzi, rudia hapo mwisho."

"Amelirudisha. Na kamba."

"Amerudisha wapi?"

"Kisimani."

Hakuna aliyeweka mikono kichwani. Mize akaona macho ya watu yamejaa si mshangao bali shaka, akaona na mashimo ya chumvi, meupe, yanamngoja. Hakuwa amelifikiria hilo, yeye anayefikiria kila kitu. Watu walikuwa wamedanganywa siku nyingi mno, hata neno la kweli likipita wanalitazama nyayo.  Ndipo muuza mkaa akasema, "Si kisima hicho hapo?" akainuka, na jirani wa nyuma akainuka, na uwanja mzima ukageuka ukaelekea kisimani, mawaziri na askari nyuma yao, na Sultani nyuma ya wote, ameshika kilemba.

Kapi lilikuwa mahali pake, limesuguliwa, linang'aa. Bi Mwanatenga akaligusa kwanza kwa kidole, kama mtu anayepima chuma kama ni cha moto. Kisha akashika kamba ya katani kwa viganja vyake vilivyofungwa vitambaa, akaiteremsha ndoo, akavuta. Kapi likazunguka, kwi, kwi, na ndoo ikapanda yenyewe kama iliyoitwa, imejaa, haijamwaga hata tone.

Lahaula ya siku hiyo njiwa waliisikia wakaruka kutoka paa la jumba, na wagonjwa vitandani waliisikia wakasema nao Lahaula bila kujua ya nini. Vichanga vikalia. Hapakuwa na aliyeiongoza, kwa sababu Mshangaaji mwenyewe alikuwa ameketi chini, ameficha uso, akicheka na kulia na kujiambia kwamba kazi yake imefanywa na kila mtu isipokuwa yeye. Na Sultani, aliyekuwa hajapata kuona jambo hilo naye, alijikuta mikono iko kichwani na kilemba kiko chini.

Waziri Dahmani akatakasika. Lakini safari hii hakushuka akirudi kazini kama kawaida. Watu walimkodolea macho vile, wakimgusa na kanzu yake kama kiumbe kilichotoka nchi za mbali, hata akaona haya ya kweli, ya kwanza maishani mwake, akaenda nyumbani akajifungia ndani.

Sasa shida ikawa ya mawaziri wengine. Watu wakisha kuonja Lahaula ile hawakuiweza tena ya zamani. Jumamosi waziri wa ghala akapanda jiweni na aibu yake ya mchele, Feruzi akasoma, na watu wakamtazama wakingoja. Akangoja na wao wakangoja, mpaka Bi Mwanatenga akamwuliza kama amemaliza au kuna na sehemu ya kurudisha. Akasema hakuna. Basi wakaenda zao, na yeye akabaki juu ya jiwe, si waziri wala si mtu, mpaka jioni alipotuma nyumbani wakalete makanda. Yalikuwa makanda, si magunia, Mize aliyahakikisha. Waziri wa taa akafuata na mafuta yake. Ikawa wanapanga foleni mbele ya jumba na mizigo vichwani kama wachukuzi, wakisukumana, kwa kuwa kila siku iliyopita mshangao wa watu ulikuwa unapungua.

Sultani aliyatazama hayo kutoka dirishani, akacheka mpaka akalia. Kisha akaacha kucheka. Chumbani mwake palikuwa na busati jekundu, laini, ambalo zamani lilikuwa la msikiti wa mji, na hapakuwahi kupulizwa pembe kwa ajili yake kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kuipuliza.  Ijumaa iliyofuata watu waliposujudu, vipaji vyao viligusa ulaini ambao walikuwa wamekwisha kuusahau. Walikuwa katika sala, hakuna awezaye kusema Lahaula katika sala, lakini imamu alisita kidogo katika sura fupi anayoijua tangu utotoni.

Siku hiyo Sultani akamwita Mize. Akamwambia, "Uliniuliza maswali mengi hata nikaahidi nisichokijua. Sasa niulize moja zaidi. Omba utakalo."

Watu walidhani ataomba nyumba, au ghala zima la mchele alilokuwa akilidai. Mize akafikiri sana, akageuza jambo mbele na nyuma kama kawaida yake, akasema, "Bwana wangu, naomba siku moja ambayo pembe hailii. Isilie kwa ubaya wala kwa wema. Watu walale."

Akapewa siku hiyo, tena Sultani akaizidisha, ikawa siku moja katika kila juma. Na siku ya kwanza Chakamba ililala mchana kutwa. Feruzi alilala ameikumbatia pembe yake. Bi Mwanatenga alilala karibu na karai lililopoa, Kadhi alilala juu ya vitabu, na mke wa Waziri Dahmani, kwa kukosa bembea, alilala kitandani kama watu. Hapakusikika kitu ila kapi la kisima, mara moja moja, kwi, kwi.

Mji mzima ulilala isipokuwa mtu mmoja. Mize binti Kombo alikaa kizingitini pake, macho makavu, sikio limeelekea uwanjani, akijiuliza mbona pembe hailii, na kumetokea nini hata kuwe kimya hivi.

Hekaya yangu imetua hapo. Aliyesinzia nikisimulia asiamshwe.